Rekodi ya Tatu, Dakika ya Nne

Makasi alikuwa na masikio, hilo halikuwa na ubishi. Mwaka wa ishirini na sita huu alikuwa redioni, na kazi yake ilikuwa kukata. Waheshimiwa walikuja wakahutubia, wakakohoa, wakavuta "aaa" na "eee" kama gari lililogoma kuwaka asubuhi, na Makasi akavikata vyote, akaunganisha yaliyobaki, jioni ukamsikia mheshimiwa anatiririka utadhani alizaliwa na kipaza sauti mkononi. Zamani alikata tepu kwa wembe, siku hizi anakata kwa kompyuta, lakini jina lilishamganda. Mpigie muziki wowote, atakuonyesha palipokatwa na kuungwa, hata kama fundi aliyeunga alishakufa akiamini hakuna atakayejua.

Nyumbani mwenye masikio hayo alikuwa na neno moja tu.

"Baba Pacha, leo shuleni wale wasichana wa kidato cha pili—"

"Nimesikia."

"Wanao wamepiga simu, wanasema likizo hii—"

"Nimesikia, mama."

Alikata maneno ya mkewe vilevile alivyokata vikohozi vya waheshimiwa. Wala hakuona ubaya wowote, kwa sababu kweli alikuwa amesikia. Mama Pacha, ambaye alifundisha uimbaji katika shule ya wasichana na alikuwa na sauti nene ya kutuliza darasa zima bila kiboko, alishazoea. Maneno yake aliyapeleka kwingine, kwa wanafunzi, kwa dada zake, kwa majirani. Pacha wenyewe walikuwa wameshaolewa, kila mmoja na mji wake.

Basi mwaka ule Chama cha Wapenda Muziki kikaleta balaa. Kilikuwa chama cha watu kumi na wanne, kikikutana Jumapili moja kila mwezi katika chumba cha juu cha maktaba. Desturi yao ilikuwa kuchagua kazi moja kubwa kila mwaka, kukusanya rekodi zake zote zilizomo maktabani, kuzilinganisha, kisha kusema: asiyewahi kuusikia muziki huu, aanzie hapa. Safari hii walichagua opera moja ya Kirusi, mchezo unaoimbwa mwanzo hadi mwisho, iliyotungwa kutokana na riwaya nene ya zamani. Hadithi yenyewe si ngumu. Binti anamngoja mchumba wake aliyekwenda vitani. Inakuja habari kwamba amekufa. Binti analia, anachoka kulia, anaolewa na kaka wa marehemu. Miaka saba baadaye marehemu anarudi mzima na anagonga mlango. Tendo la mwisho lote ni mlango huo: mwanamume yuko nje kwenye theluji anaimba, mwanamke yuko ndani anaimba, na mlango haufunguliwi.

Rekodi zilikuwa nne. Wajumbe wakachagua watu wawili wa kuzilinganisha na kuleta ripoti, Mama Pacha na Daktari. Makasi wakamruka. Mwaka uliotangulia walimpa kazi hiyo, akawahutubia saa mbili kamili juu ya mahali tepu zilipokatwa, mpaka mjumbe mmoja akasinzia na kuanguka na kiti chake.

"Wewe utashika mitambo," mwenyekiti alimwambia kwa upole. "Mitambo bila wewe ni mabati tu."

Makasi akatabasamu huku roho inamuuma.

Kuachwa kwenyewe angekuvumilia. Kilichomkereketa ni huyo Daktari. Alikuwa daktari wa meno, mrefu, nadhifu, ananukia mafuta ya karafuu, amefiwa na mke miaka mitatu iliyopita. Yeye na Makasi walikaa dawati moja tangu shule ya msingi, na ndiyo maana alimwita Mama Pacha shemeji. Lakini ule msemo wa shemeji shemeji na huku wazima taa haukutungwa na mtu asiye na sababu.

Kila Jumamosi saa tisa alasiri Daktari alifika kwao na daftari lake. Kulikuwa na kochi kubwa sebuleni, watu wanne wanakaa na nafasi inabaki. Daktari hakulikalia hata siku moja. Alichukua kigoda, akakisogeza hadi karibu na kiti cha Mama Pacha, upande wa kushoto kwake, goti kwa goti. Sahani ya santuri ilipoanza kuzunguka, Mama Pacha aliinama na kumnong'oneza sikio la kulia. Au alimgeukia akamwambia ana kwa ana, na Daktari akamtazama mdomoni. Hakuangalia macho wala uso, aliangalia mdomo. Alikuwa akiutazama mdomo wa mke wa mtu bila kupepesa, kama mtoto aliyeona keki dirishani.

Makasi aliyaona hayo kupitia mlango wa jikoni, ameshika kikombe cha chai kilichokwisha kupoa.

Halafu kulikuwa na mkono. Muziki ukiendelea, Mama Pacha alimshika Daktari kifundo cha mkono na kumgonga gonga kwa vidole, taratibu, na Daktari akatazama saa yake, akaandika kitu. Akagongwa tena, akatazama tena saa. Anahesabu muda niliobakiza kabla sijaenda zamu, Makasi aliwaza. Zamu yake ya Jumamosi ilianza saa kumi na nusu.

"Leo unachelewa kutoka," mkewe alimwambia Jumamosi ya tatu, alipomkuta bado amesimama mlangoni.

"Nafukuzwa?"

"Nani kakufukuza? Nimekukumbusha tu."

Siku hiyo, akitoka, Makasi alipita nyuma ya kigoda na kusema, "Haya Daktari, kwaheri." Kimya. Akarudia, kwa sauti zaidi. Daktari alimpa mgongo, macho yako palepale, mdomoni mwa Mama Pacha. Makasi akavaa viatu vyake na kuondoka bila kufunga kamba. Njia nzima alijisemea peke yake. Nyumbani kwangu, kwenye zulia langu, nimtolee salamu mara mbili na anipe mgongo! Watu waliopishana naye walimkwepa.

Wivu ni mgeni anayekula sana. Kwa wiki mbili ulikula usingizi wa Makasi, ukala hamu yake ya chakula, ukahamia hata kazini, ambako alimkata waziri mmoja katikati ya sentensi na kumwacha akiahidi wananchi "maji safi na" basi. Jumamosi ya tano Daktari aliwahi kuondoka kabla ya saa ya zamu, na Makasi akashindwa kuvumilia.

"Mama Pacha, yule mtu anatafuta nini mdomoni mwako?"

Mkewe alikuwa anarudisha sahani kwenye majalada yake. Aliacha. Alikaa kwenye kochi, akamtazama mumewe.

"Kaa nikwambie. Kuna jambo si langu, nimeahidi nisilitoe. Lakini wewe ni mume wangu na yeye ni rafiki yako, na naona unaumia. Ukweli ni kwamba Daktari, tangu mkewe—"

"Nimesikia."

"Hujasikia kitu. Ngoja nimalize."

"Nimesikia, Mama Pacha! Mmeahidiana, mkewe amekufa, na mimi naumia. Kuna nini tena cha kumaliza?"

Mama Pacha akainuka na kuendelea kupanga sahani zake.

"Sikio la kufa halisikii dawa," alisema, na hakuligusa jambo hilo tena.

Makasi sasa akawa na hoja yake kamili, ameikata na kuiunga vizuri kama kipindi cha redio. Daktari hajui muziki. Amejiingiza kwenye kazi hii kwa ajili ya mwanamke, anaandika kila anachoambiwa, na siku ya ripoti atasoma maneno ya Mama Pacha kama kasuku. Dawa yake ni moja tu, aumbuke mbele za watu. Mwanamume aliyeumbuka kwa ujinga wake, ni mwanamke gani atamnong'oneza?

Ripoti ilipangwa hivi: Mama Pacha ataeleza rekodi ya kwanza na ya pili, Daktari ataeleza ya tatu na ya nne. Kwa kila rekodi, Makasi atapiga ile sehemu ya mlango, na mwelezaji atakuwa akizungumza juu ya muziki kwa sauti ndogo, akiwaonyesha wajumbe mambo ya kusikiliza. Rekodi ya kwanza ilikuwa kuukuu, inakwaruza kama mtu anakaanga vitunguu, na imejaa vikohozi vya watazamaji. Ya tatu ilirekodiwa studio, safi, kimya chake ukikisikia unashusha pumzi. Makasi alichopanga ni kidogo tu. Sahani ya rekodi ya kwanza, ikishamaliza zamu ya Mama Pacha, angeitia ndani ya jalada la tatu.

Jumapili ikafika. Chumba cha juu cha maktaba kilikuwa na madirisha marefu na viti vya mbao vinavyolia ukijitikisa. Mama Pacha alieleza sehemu yake vizuri, akapigiwa makofi, akakaa mstari wa mbele. Daktari akasimama. Aliweka daftari juu ya meza, akakunja mkono wa shati, saa ikaonekana. Kisha akamtazama Makasi kule nyuma kwenye mitambo na kungoja.

"Nikianza nitanyanyua mkono," Makasi alikuwa amemwahidi mapema, kwa maana Daktari mwenyewe alimwomba hivyo. Basi akanyanyua mkono. Daktari akatazama saa.

Chumba kikajaa mkwaruzo wa vitunguu.

"Kitu cha kwanza," Daktari alisema taratibu, "sikilizeni usafi wake. Hakuna mkwaruzo wala mtu anayekohoa. Mnasikia theluji tu."

Mzee mmoja kwenye rekodi, aliyekwisha kufa zamani, akakohoa kikohozi cha kutoka unyayoni. Mjumbe wa mstari wa pili akacheka puani. Mwingine akamgusa jirani yake kwa kiwiko.

"Hata ukidondosha sindano," Daktari akaendelea, "utaisikia."

Sasa walicheka waziwazi. Mama Pacha aligeuka na kumtazama mumewe. Aliitambua ile sahani papo hapo, alikuwa ameisikiliza mara kumi. Akasimama nusu, akampungia Daktari mkono, lakini Daktari macho yake yalikuwa kwenye saa na daftari, daftari na saa.

Makasi alisikia utamu mwili mzima. Laiti angeishia hapo. Lakini mtu mwenye wivu akishaonja hashibi. Alitaka Daktari aumbuke mpaka mwisho, mpaka asijue pa kuweka uso. Akashika kitufe cha sauti, akakirudisha polepole mpaka sifuri.

Muziki ukafa. Vicheko navyo vikafa, watu wakimsubiri mwelezaji ashtuke, amgeukie fundi, aulize kuna nini.

Daktari hakushtuka. Alitazama saa yake, akainua kidole kimoja na kuanza kupiga mapigo hewani, sawasawa, kwenye chumba kisicho na sauti hata ya nzi.

"Sasa tunafika dakika ya nne," alisema. "Hapa ndipo. Hapa mwanamke anaacha kuimba. Ni pumzi tu. Ameweka kiganja kwenye mlango, anayahisi mapigo ya mtu aliye nje kupitia mbao. Sasa anaanza tena, chini kabisa, kama mtu anayeongea na mtoto mwenye homa asije akamwamsha. Hafungui mlango. Ila haondoki. Wengine wote wanaimba kwamba wamekosa mapenzi. Huyu peke yake anaimba kwamba ameyapata, na yapo upande wa pili wa ubao, na atayasikiliza hivyo hivyo mpaka kuche. Mnamsikia?"

Kidole kiliendelea kupiga mapigo.

Makasi alikuwa amekishika kitufe bado. Mtu aliyeweza kusikia mkato wa wembe uliofanywa nchi ya mbali miaka hamsini iliyopita, ndiyo kwanza sasa alisikia hili. Kigoda, sikio la kulia, macho mdomoni, vidole vilivyomgongea mapigo ya muziki kwenye kifundo cha mkono ili ayapime kwa saa, salamu mbili zilizopigwa kwenye mgongo, yote yalimjia kwa mpigo mmoja. Rafiki yake alikuwa kiziwi, au karibu na kiziwi, na yeye alikuwa amemvua nguo mbele ya watu kumi na wawili.

Mama Pacha alikwenda mbele. Alimshika Daktari mkono, akamgeuza amtazame, akamwambia maneno machache bila kutoa sauti. Daktari akatazama wajumbe. Akatazama mitambo, na Makasi nyuma yake. Halafu akafunga daftari, akashusha mkono wa shati, akafunga kifungo chake kwa utulivu kama anamaliza kazi ya siku. Wakatoka wote wawili, na hakuna kiti kilicholia.

Nyumbani Mama Pacha alisema mara moja tu, amesimama katikati ya sebule na mkoba bado begani.

"Masikio yalianza kufa mwaka aliofiwa. La kushoto limekwisha. La kulia anasikia kidogo ukimkaribia kabisa. Muziki hausikii kabisa. Opera hii aliisikia akiwa mwanafunzi, akaipenda, akaja kuniomba nimwambie kila rekodi inafanyaje. Aliomba nifiche mpaka mwisho wa mwaka, amwachie binti yake kliniki kwa heshima, watu wasije kusema wanang'olewa meno na mtu asiyesikia wanapolia. Nilitaka kukwambia. Unakumbuka ulinijibu nini?"

Makasi alikumbuka.

Jumatatu alikwenda kliniki. Chumba cha kungojea, ambacho kila Jumatatu hujaa mashavu yaliyovimba, kilikuwa na mtu mmoja. Habari zina miguu. Binti wa Daktari alimwamkia kwa adabu na sauti baridi, akamfungulia mlango wa ndani. Makasi akasimama mbele ya rafiki yake, mbele kabisa, usoni, na kusema polepole, "Nisamehe."

"Kaa," Daktari alisema, akionyesha kile kiti kirefu.

"Sikuja kwa ajili ya meno."

"Kaa tu. Panua."

Basi Makasi akalala, taa ikamwakia usoni, kioo kidogo kikaingia mdomoni. Ndipo Daktari akaanza kuzungumza, na Makasi hana namna ya kumkata.

"Wagonjwa wangu hawasemi, unaona? Wananyanyua mkono ikiuma. Kazi hii ningeifanya miaka kumi mingine. Basi, yamekwisha. Binti yangu ataanza wiki hii badala ya mwezi wa kumi na mbili." Akagonga jino moja, akasikiliza kwa vidole. "Hili lina tundu. Najua ulifikiri nini, shemeji mwenyewe kanieleza. Nikuambie ukweli, Makasi, kati yetu mwenye wivu nilikuwa mimi. Nilikaa kwenye kile kigoda nikajiuliza, mtu ana masikio yale, ana mke anayeeleza mambo namna ile, kwa nini maneno yote haya yanakuja kwangu? Siku moja nikamuuliza. Unajua alinijibu nini? Alisema, 'Kwangu kuna mtu aliyekwisha kusikia.'"

Makasi alinyanyua mkono.

"Inauma?" Daktari aliuliza. "Bado sijagusa."

Jioni ile Makasi alimkuta mkewe anapiga pasi. Alikaa kwenye kile kigoda, upande wa kushoto.

"Mama Pacha, nisimulie ile dakika ya nne."

"Ya nini? Si umesikia?"

"Sijasikia."

Pasi ilisimama kidogo juu ya kola, kisha ikaendelea. Mama Pacha alimaliza shati lile, akalikunja, akachukua lingine. Alipiga pasi mashati manne hivyo, na Makasi alikaa pale kwa yote manne.

"Jumamosi nakwenda kwa Daktari," Mama Pacha alisema mwishowe. "Tunaanza kazi nyingine, na safari hii si ya chama, ni yetu. Ukitaka kuja, njoo. Utashika mitambo. Na utanyamaza."

Alikwenda. Sebule ya Daktari ilikuwa na picha ya marehemu mkewe ukutani na kigoda cha tatu pembeni ya mitambo, wamekiweka kwa ajili yake. Aliweka sahani, akateremsha sindano, akanyanyua mkono. Mama Pacha aliinama upande wa Daktari, akaanza kumwambia violini vinaingiaje na ni nani anayekuja kutoka mbali, na mgongo wake wote ulikuwa kwa mumewe. Makasi alisikia kila neno, kwa masikio yake mazuri, na hakuna hata moja lililokuwa lake. Wivu ulimpanda upya, mkali kuliko ule wa mwanzo, na safari hii haukuwa na mtu wa kuumbua.

Alikaa nao mpaka upande wa kwanza wa sahani ukaisha. Alipoigeuza na kuteremsha sindano, aliinuka bila kelele, akabeba kigoda chake, akakizungusha hadi upande ule ambao angeweza kuuona mdomo wa mkewe.